Gogo la Serikali

Igamba,
3 Septemba 2021

Mama Nesta mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Barua hii anakuletea Luka, yule dereva wa Noah ya abiria, na nimemwonya asiikunje. Mjukuu wangu hajambo. Anakula, analala, na anasema kuliko umri wake. Juzi kaniuliza kwa nini mbuzi hawavai viatu.

Mimi nimeanguka. Usishtuke, sijafa. Nilipanda kichanja cha kahawa kugeuza ile ya juzi, ubao ukakatika, nikashuka kama gunia. Nyonga imepasuka. Daktari kasema miezi sita kitandani, halafu fimbo mpaka nife. Kwa hiyo tarehe kumi na nne sitakuja Mizani ya Zamani kwenye kumbukumbu ya moto. Tangu tulipomzika mwanangu Samwel pale na wenzake, huu ni mwaka wa kwanza sitakuwepo, na jambo hili linaniuma kuliko nyonga.

Nenda unitazamie. Halafu uniandikie. Unajua simu mimi siishiki. Simu ndiyo iliyoniambia mwanangu ameungua, na tangu siku ile sijaiweka tena sikioni. Marehemu mumeo alikuwa anajisifu kwamba una mwandiko wa karani. Basi tumia huo mwandiko. Niambie nani alikuja, bendera ilikuwa wapi, na kama walisoma majina yote arobaini na matatu au waliyarukaruka. Kuliko yote, sikiliza kama wametangaza kufunga msiba.

Wewe siku ile ya mazishi ulizimia mara mbili, huenda hukusikia vizuri. Mimi nilisikia. Mgeni rasmi alisimama mbele ya majeneza, yale ambayo hatukujua nani yumo lipi kwa jinsi lile tangi la mafuta lilivyowaka katikati ya foleni ya malori, akasema: "Kuanzia leo msiba huu si wa familia hizi tena. Ni wa Taifa. Wafiwa ni sisi." Bendera zikashushwa siku tatu nchi nzima. Redio zikaacha muziki. Na lori la Serikali likapanda mpaka hapa Igamba, likashusha unga, maharage, turubai, na lile gogo la wazee kukalia.

Sasa mila ya ukoo huu unaijua. Anayeweka gogo msibani ndiye mwenye msiba, na ndiye peke yake anayeliondoa siku ya kuanua matanga. Shemeji yako Yonasi alitaka kuweka la kwetu, nikamwambia kaa chini, wenye msiba wameshaleta. Waliahidi mnara wa majina yao ukikamilika watakuja kufunga. Mnara umekamilika mwaka wa pili huu. Gogo bado lipo uani, upande wa chini limeota uyoga. Kahawa ya Samwel haijaguswa na mkasi, imekuwa msitu. Kitambaa cheusi ninacho kichwani, na wewe unacho chako. Nawangoja wenyewe.

Andika kila kitu. Usinifupishie.

Mama yako,
Roda

*

Tunduma,
15 Septemba 2021

Mama,

Shikamoo. Pole, pole sana na nyonga. Nimelia hapa kwenye banda langu la chakula mpaka madereva wameacha kula wakidhani nimepigiwa simu ya msiba. Nakutumia mafuta ya kuchulia na kilo mbili za sukari, na gauni la Nesta. Akikataa kulivaa mwambie nitakuja kulichukua.

Mama, jana ilikuwa siku kubwa. Watu walianza kufika saa mbili. Bendera ilikuwa nusu mlingoti. Tarumbeta za Moraviani zilikuja, vijana kumi na wawili wamevaa mashati meupe, na walipopiga ule wimbo wa kuzikia, malori yaliyokuwa kwenye foleni yakazima injini yenyewe, moja baada ya jingine. Mgeni rasmi alikuja na magari mawili. Alisimama mbele ya ukuta wa majina, akavua miwani. Majina yote arobaini na matatu yalisomwa. Walipofika kwa Samwel, mama mmoja nyuma yangu ambaye hatujui wala hatumjui alilia kwa sauti. Nikageuka nikamshika mkono.

Walikuulizia. Nikasema mama amevunjika nyonga. Mgeni rasmi akasema apewe pole zetu.

Kuhusu kufunga msiba, hawakusema lolote. Nadhani bado wanaomboleza.

Mimi mkweo,
Jenista

*

Tunduma,
20 Septemba 2021

Dada Gwantwa,

Huko Ileje mnapopanda mlima kutafuta mtandao, bora nikuandikie, maana hili sitaki kulisema kwa kelele za simu.

Nimemdanganya mama mkwe. Si uongo mdogo. Nimemwandikia kurasa mbili za uongo, tena kwa mwandiko mzuri.

Ukweli ni huu. Tarehe kumi na nne tulikuwa watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamefuata kivuli cha ukuta. Mwaka wa kwanza, unakumbuka, ulikosa pa kusimama. Mwaka wa pili viti vilijaa nusu. Safari hii hakukuwa na kiti. Bendera haikuwepo kwa sababu kamba ya mlingoti imeibwa. Mwenyekiti wa mtaa alikuja saa tano, akatuomba dakika moja ya kimya, na ndani ya dakika ile ile akaangalia saa yake. Majina hayakusomwa, "kwa ajili ya muda." Tarumbeta nilizisikia kichwani mwangu tu.

Nilianza kumwandikia ukweli, Dada. Niliandika "Mama, walikuja watu kumi na mmoja." Nikamwona amelala pale na mguu umefungwa mbao, anasubiri nimwambie kwamba nchi bado inamlilia mtoto wake. Mimi ni nani nimwambie imenyamaza? Nikaichana. Ile nyingine ikaja yenyewe, mpaka malori nikayazima injini. Yaani nilipoisoma nililia, kana kwamba ilitokea.

Kesho yake nilirudi mnarani peke yangu na ndoo ya maji. Ndege wamechafua ukuta wote. Nikauosha, nikasoma majina yote kwa sauti. Angalau hilo la majina lisiwe uongo.

Usinicheke.

Mdogo wako,
Jenista

*

Igamba,
2 Oktoba 2022

Mama Nesta,

Mungu akubariki mkono. Barua ya mwaka huu imeshinda ile ya mwaka jana. Sasa natembea kwa fimbo mpaka kanisani, na Jumapili baada ya ibada mama mchungaji aliniomba niisome mbele ya akina mama. Nikaisoma. Nilipofika pale wanafunzi mia mbili wanapita na maua, Restuta alilia mpaka kanga ikalowa, na unajua Restuta huwa halii, hata mumewe alipokufa alikuwa anahesabu masufuria yaliyoazimwa. Mzee mmoja akasema, "Kumbe Serikali haisahau." Nikamwambia, nilikuambia mimi.

Watu hapa walikuwa wameanza kuninong'ona. Yonasi kazi yake kusema, "Mama, gogo hili litolewe, mbuzi wanajikuna." Sasa amenyamaza. Nimempa barua yako aisome mwenyewe.

Umeandika tena kwamba hawakutaja kufunga. Ni sawa. Mtu anayekuja na wanafunzi mia mbili bado ana machozi, hawezi kufunga. Tutawangoja.

Nesta ameanza kuandika jina lake. Ameliandika ukutani kwa mkaa, nimemchapa, halafu nimeliacha.

Mama yako,
Roda

*

Itumba, Ileje,
6 Aprili 2025

Jenista we,

Eliakim alipita hapa Jumatano kurekebisha lango la shule, akaja kunisalimia. Amekaa kwenye kigoda changu saa nzima, na alipoinuka ndipo akasema, "Dada, mdogo wako ananipenda au ananihurumia?" Nikamjibu aache upumbavu. Lakini nimemwonea huruma. Mwanaume amefiwa na mke, hanywi, kuchomelea anakujua, mwaka wa tatu huu anakula ugali wako akilipa kama mteja wa kawaida. Ananiambia amepata eneo la karakana Mkwajuni, kwa wachimba dhahabu, na mwishoni mwa Septemba anahama. Anataka mwende mkiwa mume na mke. Hatasubiri mwaka mwingine, na mimi simlaumu.

Najua utasema matanga hayajaanuliwa. Najua pia kwamba ukiolewa huku kile kitambaa hakijavuliwa na mkono wa mama mkwe wako, uani kwake hukanyagi tena, na Nesta anabaki wa ukoo wao. Sikudharau katika hilo. Nauliza tu: nani anamzuia yule bibi asianue? Si wewe? Kila Septemba unampelekea tarumbeta na mawaziri na watoto wa shule! Mwaka jana ulimpelekea nini, ndege za jeshi? Mwambie ukweli kwamba hakuna anayekuja, gogo litolewe, uishi.

Nimekutumia maharage mapya. Yale mekundu usiwapikie madereva, ni yako.

Dada yako,
Gwantwa

*

Tunduma,
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Habari za baridi. Nesta asiende shule bila soksi.

Mama, naandika jambo ambalo nimeliweka moyoni siku nyingi, na nakuomba usinielewe vibaya. Ni miaka saba inakaribia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne Samwel alipoondoka. Nimekaa vizuri. Hakuna mtu wa Igamba aliyewahi kukuletea neno baya juu yangu. Naomba kitambaa kivuliwe. Naomba tuanue matanga sisi wenyewe, kifamilia, Yonasi atoe gogo, mchungaji aombe, tule, basi. Kahawa ya Samwel ipogolewe. Nesta anakua hajawahi kuona uwanja wa kwao bila gogo la msiba.

Sina sababu nyingine ya kuomba. Nimechoka tu, Mama.

Mkweo,
Jenista

*

Igamba,
9 Juni 2025

Mama Nesta,

Nimesoma barua yako mara tatu na mara ya nne nikaiweka chini ya Biblia ipoe.

Kwanza nikuambie: sijakukasirikia. Hujanikosea siku hata moja. Ungekuwa binti niliyemzaa ningesema wewe ni mkaidi kama mimi, lakini kwa kuwa umetoka Ileje nasema una adabu.

Ila unachoomba siwezi. Nitaondoaje gogo ambalo sikuliweka? Mimi nilinyang'anywa msiba wangu mbele ya kipaza sauti, nikakubali, kwa sababu niliona heshima kubwa mwanangu fundi wa matairi kuliliwa na nchi nzima. Nikishakubali siwezi kwenda kinyume nyuma ya mgongo wa wenyewe. Na wenyewe wangekuwa wameacha, ningesema haya, wameutupa, tuuokote. Lakini ninazo barua zako nne hapa. Mwaka jana walikuja mpaka na wageni wa kutoka Dodoma, umeandika wewe, na yule kiongozi alishindwa kumaliza hotuba kwa kilio. Mwenye msiba bado analia hivyo, mimi nianue matanga? Watu watasema nini? Kwamba Taifa linamlilia Samwel na mama yake ameshachoka?

Vumilia. Wakija kufunga tutafunga kwa heshima, na kitambaa nitakuvua mimi mwenyewe.

Unasema huna sababu nyingine. Nimesikia.

Mama yako,
Roda

*

OFISI YA SERIKALI YA MTAA,
MIZANI YA ZAMANI,
TUNDUMA.

21 Agosti 2025

Bi. Jenista,
Mfanyabiashara wa chakula.

YAH: OMBI LA BARUA YA KUFUNGA MSIBA WA KITAIFA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Ofisi imepokea ombi lako la tarehe 4 Agosti, 2025 ukitaka upatiwe barua yenye muhuri inayotamka kuwa msiba wa moto wa mwaka 2018 umefungwa rasmi, kwa matumizi ya kifamilia.

3. Baada ya kupitia majalada, imebainika kuwa ofisi haina kumbukumbu ya kufunguliwa kwa msiba huo. Hivyo haina mamlaka ya kuufunga. Mtumishi aliyekuwa akishughulikia maadhimisho alihamishwa na nafasi yake haijajazwa.

4. Aidha, unakumbushwa kuwa eneo la mnara limeombwa kwa ajili ya maegesho ya bajaji, hivyo unashauriwa kupunguza kumwaga maji katika eneo hilo kama ulivyoonekana ukifanya mara kwa mara.

5. Nakutakia kazi njema.

Shadrack
MTENDAJI WA MTAA

*

Tunduma,
14 Septemba 2025, jioni

Mama,

Shikamoo. Nimekaa mezani tangu saa kumi na barua ya mwaka huu imeshaanza kujiandika kichwani. Mwaka huu kulikuwa na mvua ndogo, na kiongozi alikataa mwavuli. Ona, hata sijashika kalamu vizuri. Nimeikataa. Naandika ya kweli.

Hakuna mtu, Mama. Hakuna mtu tangu mwaka ule ulipovunjika nyonga. Mwaka ule ule tulikuwa kumi na mmoja, wa pili watano, na kuanzia wa tatu ni mimi. Tarumbeta hazikuwepo. Wanafunzi mia mbili hawakuwepo. Wageni wa Dodoma niliwatoa kwenye picha ya kalenda iliyo hapa bandani. Kamba ya bendera iliibwa na mlingoti wenyewe unaanikiwa nguo. Nakuambatishia barua ya mtaa uisome kwa macho yako, maana mimi sistahili tena kuaminiwa.

Nilidhani nakulinda. Kila mwaka niliogopa kwamba ukijua, mwanao atakufa mara ya pili mikononi mwako. Halafu nikanogewa, Mama, lazima niseme na hilo. Nilikuwa naandika nchi ambayo nami nilitaka kuishi ndani yake. Sikujua kwamba kila mtu niliyemwongeza kwenye ule umati alikuwa anakalia lile gogo na kulifanya zito zaidi. Nimejua mwaka huu, uliponirudishia maneno ya barua zangu mwenyewe.

Na sababu nyingine ipo. Anaitwa Eliakim, fundi wa kuchomelea, amefiwa na mke, ametoka Ileje kama mimi. Hajawahi kunigusa. Anahama tarehe thelathini kwenda Mkwajuni na amesema hatanisihi tena. Sikutaja kwa sababu nilitaka uamue kwa ajili yangu, usiamue kwa ajili yake.

Leo tulikuwa watatu pale. Mimi, yeye, na dereva mmoja wa Kizambia aliyeshuka kwenye lori akaniita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, akauliza hawa ni akina nani. Nikamwambia. Wawili ni wenzake, wa Ndola. Akavua kofia.

Ukinifukuza nitafukuzika. Ila Nesta niwe namwona, hata kanisani, hata kwa mbali. Nakuomba hilo tu.

Jenista

*

Igamba,
15 Septemba 2025

Mama Nesta,

Naandika kabla barua yako ya mwaka huu haijafika. Najua ipo njiani kwa Luka, na nimemwambia akiileta aishikilie mpaka yangu iondoke. Sitaki kujua umeandika nini kabla sijasema yangu. Kama umeniandikia tarumbeta, nitaichoma bila kuisoma na hatutaizungumzia kamwe. Kama umeandika vingine, nitaisoma.

Jana nilikuwa Mizani ya Zamani.

Usihangaike kuuliza nimefikaje na mguu huu. Luka alinibeba kwenye Noah, kiti cha mbele, mto chini ya nyonga, na Nesta nilimwacha kwa mke wa Yonasi. Tangu Juni sikuwa na amani. Ile "nimechoka tu, Mama" ilikuwa inaamka na mimi asubuhi. Nikasema, mimi siwezi kuanua, lakini naweza kwenda kuwaomba wenyewe. Nilivaa lile gauni la Pasaka. Maneno nilikuwa nimeyapanga: "Mheshimiwa, nakushukuru kwa kumlilia mwanangu miaka yote hii. Sasa naomba uje ulitoe gogo, nina binti pale anazeeka." Luka alinisikia nikiyarudia njia nzima kuanzia Vwawa.

Tulifika saa mbili. Luka akaegesha ng'ambo ya barabara, katikati ya malori, kwa kuwa siwezi kusimama muda mrefu. Nikamwuliza, mbona hawajaweka viti? Akasema bado mapema, bibi. Saa tatu kulikuwa na utingo mmoja anaanika suruali kwenye mnyororo unaozunguka mnara. Nikasema wakija wataitoa. Saa nne bado suruali. Luka alikuwa anaangalia usukani, haniangalii, nikajua kwamba na yeye anajua siku zote. Nikamwuliza, Luka, watu wako wapi? Akasema, "Bibi, huwa anakuja mama Nesta."

Ukaja. Una ndoo, na nyuma yako mwanaume ana ndoo nyingine na fagio.

Nitakuambia ukweli kama ulivyokuwa: nilikasirika. Nilikasirika mpaka mkono ukashika kitasa cha mlango. Miaka minne umenilisha mawaziri! Nimesimama mbele ya kanisa nimesoma! Restuta amelia! Nilitaka kushuka nikuulize pale pale mbele ya huyo wako, na nyonga ivunjike tena kama inataka. Kilichonizuia ni kwamba ulishaanza kuosha.

Uliosha ukuta ule kuanzia juu. Uliingiza kidole kwenye herufi kutoa uchafu. Ile suruali uliikunja ukaiweka pembeni, hukuitupa. Kisha ukasimama ukasoma. Luka alishusha kioo, nikasikia. Arobaini na matatu, nimehesabu kwa vidole na kurudia mwanzo kila vilipokwisha. Ulipofika kwa Samwel ulimsoma kama wengine, hukumkazia sauti, ukaenda kwa anayefuata. Hapo ndipo nililia, nilivyokuwa sijalia tangu mwaka ule. Kwa sababu mfiwa husoma hivyo. Mgeni ndiye anayetafuta jina moja.

Dereva mmoja alivua kofia. Hao ndio waliokuja.

Huyo mwanaume wako nilimtazama vizuri. Alikuletea maji mpaka kwenye mnyororo, akasimama nje. Hakuingia ndani ya mnyororo hata mara moja. Luka ananiambia ni Eliakim, fundi, na kwamba Tunduma nzima inajua ila mimi.

Sikushuka. Ningeshuka ungeona aibu, na sikutaka uone aibu siku ile. Nikamwambia Luka turudi.

Njiani nimefikiri sana, sina haja ya kukuficha. Nimewaza yule mgeni rasmi. Sidhani alisema uongo siku ile. Alikuwa analia kweli, nilimwona kamasi. Ila alirudi kwake, akapata misiba mingine, ajali nyingine, mafuriko, na kila mahali alisema wafiwa ni sisi, na kila mahali alimaanisha kwa siku tatu. Kosa ni langu. Mimi nilimsikia kwa masikio ya Igamba. Nilidhani akishasema hivyo amejitwika.

Leo asubuhi nimekaa kwenye lile gogo, kwa mara ya kwanza, maana wanawake hatulikalii. Limeoza upande mmoja. Halina muhuri, halina jina la mtu. Nilikuwa nangoja mwenye msiba aje alitoe, na jana nimemwona, ana ndoo.

Basi sikia. Jumamosi ya tarehe ishirini na saba tunaanua matanga. Mama mchungaji nimeshamwita, na zile barua zako nitamwambia mwenyewe Jumapili mbele ya wote kwamba hayo hayakuwepo, na nitawasomea yaliyokuwepo. Atakayecheka atacheka. Yonasi atanoa mkasi wa kahawa. Wewe utakuja Ijumaa, ulale na mwanao. Asubuhi utawasomea majina hapa uani, yote, si la Samwel peke yake, kisha nitakuvua kitambaa mbele ya watu, na wewe utanivua changu. Baada ya hapo utakwenda Mkwajuni au popote, na Nesta atakwenda na wewe au atabaki mpaka likizo, mtaamua nyinyi wawili, mimi sitakuwa na neno. Kuni za kupikia chakula cha siku hiyo ni lile gogo. Lakini wa kulitoa kwanza ni wewe.

Hutaliweza peke yako, upande mzima bado ni mzito. Mwambie Eliakim aje akushikie ule mwingine. Safari hii aingie ndani.

Mama yako,
Roda